Ng'ambo Nao Wana Redio

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na nusu alfajiri, nikavaa viatu, nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba funguo za studio nilishazirudisha. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Basi nikachemsha chai, nikakaa mezani, nikaanza kuwaandikia nyinyi mliobaki kwenye mitambo. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini. Cheo hakijawahi kuzuia mlio mbaya kuingia hewani.

Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja Kisumu kuuza redio na betri. Mimi nilizaliwa hapa, nikasoma hapa, na Dholuo yangu, lugha ya wenyeji, ni ya sokoni lakini haijawahi kunilaza njaa. Kwenye duka la baba ndiko nilikojifunza kuchomea waya. Mteja akileta redio iliyokufa, baba hakuifungua kwanza. Aliuliza, "Ilikuwa inasema nini ilipokufa?" Nilidhani ni utani wa kumchelewesha mteja. Kumbe kama sauti ilififia polepole, ni betri, na kama ilikatika katikati ya neno, ni waya. Mpaka leo fundi akiniletea kifaa kibovu bila kuniambia kilikufaje, namrudisha alikotoka.

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona maikrofoni. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ouma, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na hasira za karibu. Alinipa redio ndogo na nauli, akaniambia niende Awasi nikae sokoni mpaka jua la utosi, nisikilize. Kesho yake Bondo. Siku ya tatu niende ufuoni nikaongee na wavuvi. Nilimuuliza nitaanza lini kazi yenyewe.

"Unataka kurusha sauti na hujui inaanguka wapi?" alisema. "Mtu akirusha mawe hivyo hapa mjini tunamshika."

Awasi tulisikika vizuri, ila mbele kidogo, barabara inapoanza kupanda kwenda Kericho, tukaanza kukoroma. Bondo tulisikika vipande vipande, ikitegemea umesimama upande gani wa jengo. Ufuoni mvuvi mmoja alinitazama na kiredio changu akacheka. "Huko ndani majini mnasikika kuliko mjini," akasema. "Majini hakuna kilima, dada. Hata watu wa ng'ambo, nchi nyingine kabisa, wanawasikiliza. Lile tangazo lenu la sabuni wanaliimba." Nilipompelekea Mzee Ouma habari hiyo, alikubali kwa kichwa mara moja tu, akanipa hedifoni.

Kwake nilijifunza mambo mengi ambayo hayamo kwenye vitabu vya mitambo. Kubwa kuliko yote lilikuwa lile aliloliita kusema kavu. Mtu yeyote anayekuja kuongea hewani, hata awe askofu, aseme kwanza maneno yake taa nyekundu ikiwa imezimwa, wewe umsikilize, ndipo uamue. Vijana wengine waliona ni kuchosha wageni. Mimi nilikuwepo siku alipokuja bwana mmoja nadhifu, machozi tayari, kulipia tangazo la kifo cha kaka yake. Mzee Ouma akamwambia aseme kavu. Bwana akasema vizuri sana, jina, boma, siku ya mazishi. Mzee akamuuliza, "Na jeneza ni la urefu gani?" Mtu akakwama. Kaka yake alikuwa hai, analima Nyakach, na wawili hao walikuwa wanagombania shamba. Mzee alimsindikiza nje akiwa amemshika mkono kama mgonjwa.

Matangazo ya vifo, mnayajua wenyewe, ndiyo yaliyotulisha sisi sote. Lakini jambo ambalo huenda hamjaliona, kwa sababu mko ndani ya kioo, ni jinsi watu wanavyoyapokea. Ule muziki wa kuyatangulia ukianza, hoteli nzima inanyamaza. Mwenye duka anaacha chenji mkononi. Mwanasiasa aliyekuwa anafoka anafunga mdomo, kwa kuwa hakuna mtu huku kwetu anayetaka kuonekana aliongea juu ya maiti ya watu. Nimeona wanaume wanavua kofia mbele ya redio. Wekeni hilo akilini, nitalirudia.

Jambo jingine ni ile mashine ya kuchelewesha sauti, inayokupa sekunde chache za kukata tusi kabla halijamfikia msikilizaji. Yetu iliuawa na radi ya Kisumu, ile inayopiga kana kwamba inadai kitu. Meneja aliahidi nyingine. Ahadi hiyo nimeiacha pale ofisini ikiwa bado na afya njema. Tangu hapo neno likitoka kinywani mwa mgeni limeshatoka, na kinga yako ni kidole chako tu.

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi duka la baba liliungua. Mzee Ouma ndiye aliyekuja kututoa nyumbani, akatuficha kwake. Sitalieleza zaidi ya hapo. Nalitaja ili mjue kwamba nikisikia mtu anachemka hewani mkono wangu huenda wenyewe kwenye mitambo, na sijawahi kuuonea haya.

Sasa niwaambie kuhusu asubuhi ile ambayo mnaniuliza kila tukinywa chai, na kila mmoja ana toleo lake.

Rais alikuwa amemtaja jenerali mmoja mstaafu awe mshauri wake wa usalama wa taifa. Jina lake siliandiki. Alikuwa mtu wa maneno makali, na kuhusu ziwa alikuwa amesema waziwazi kwamba mazungumzo yametosha, kwamba anayewashika wavuvi wetu afuatwe na boti zenye bunduki mpaka kwao. Kisumu, ambayo kwa kawaida serikali ikisema jua ni kali watu hutafuta sweta, safari hii iligawanyika. Wavuvi walikuwa wamechoka. Mtu anavuta nyavu zake, boti ya askari wa ng'ambo inatokea, anaambiwa amevuka mpaka ambao hakuna aliyewahi kuuona juu ya maji. Anapokonywa injini na samaki, anawekwa ndani. Wengi walisema, huyo jenerali aje hata leo.

Tukaandaa mjadala wa asubuhi. Mtangazaji alikuwa Felix, kijana wetu mwenye ulimi wa haraka na wasikilizaji wengi kuliko akili, na hilo nimemwambia usoni. Wageni walikuwa wawili. Upande wa jenerali alikuwa Meja, mwanajeshi mstaafu aliyehudumu chini yake, mtu wa heshima aliyenyooka mgongo. Upande wa kumpinga alikuwa Daktari Awuor, mwalimu wa chuo kutoka Bondo, mwanamke mpole wa sauti lakini hoja zake zina meno. Wote wawili niliwasikia kavu kabla ya kuanza, na wote wawili walinidanganya kwamba watakuwa watulivu.

Taa ilikuwa bado haijawaka mama mmoja alipoletwa mlangoni na bawabu. Mama Rispa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka upande wa Kisian. Alikuwa amesikia tangazo la kipindi, akaja. Mwanawe Kevin na wenzake wawili walishikwa ziwani, na wiki ya pili sasa wako ng'ambo.

"Nataka niongee," aliniambia. "Watu waniskie."

Nikamketisha karibu nami kwenye chumba cha mitambo, nikampa chai, nikamwambia aseme kavu. Akasema. Alisema huyo jenerali apewe kazi leo, apewe na bunduki, avuke awaletee watoto, na yule aliyemshika Kevin aletwe akiwa amefungwa kama mbuzi. Hakulia. Alisema akiangalia kikombe. Nilimwambia, "Mama, ngoja kidogo, nitakuingiza." Sikujua bado kama nitamwingiza, lakini mama wa mtu aliyefungwa humwambii kitu kingine.

Kipindi kikaanza. Mwanzoni kilienda vizuri. Daktari Awuor akauliza boti za bunduki zikivuka, wavuvi walioko majini asubuhi hiyo watajificha chini ya nini. Meja akamjibu kwamba nchi inayoomba ruhusa ya kuvua samaki wake si nchi. Taa za simu zote zikawaka. Felix akaanza kusugua mikono, ile tabia yake akinusa moto. Nje ya kioo meneja alipita akaniinulia kidole gumba.

Meja naye akapata joto. Akasema anajua wale vijana wamefungwa wapi. Akasema yeye binafsi amewahi kupita pale na anajua boti inaweza kutia nanga wapi bila kuonekana. "Jenerali akiapishwa leo," alisema, "kesho tunakula chakula cha jioni na hao vijana, na hao askari wao watajua hatutanii." Mama Rispa aliyekuwa kando yangu akapiga paja lake. Nilisikia pumzi yake ikiongezeka kasi.

Hapo ndipo nilipoinua simu iliyokuwa imesubiri muda mrefu kuliko zote. Kabla mtu hajaingia hewani mimi huongea naye kwanza, mnajua. Sauti ilikuwa ya mzee, Kiswahili chake cha huko kwao.

"Nyinyi watu wa redio," alisema, "mimi ni mwenyekiti wa wavuvi wa ufuo huku ng'ambo. Usiniweke hewani. Nisikie wewe tu."

Nikamwambia namsikia.

"Hao vijana wako hapa kituoni, nyuma yangu. Nimembembeleza mkubwa wa kituo mpaka jana akakubali kuwaachia. Leo amekaa dirishani na redio, anawasikiliza nyinyi. Amesema kama mambo ni ya jeshi, basi hawa si wavuvi tena, anawapandisha gari leo wapelekwe makao makuu mjini. Wakifika huko mimi sina mkono wa kuwafikia. Mzuieni huyo mzee wenu."

Lakini mtu yeyote anaweza kupiga simu akajiita mwenyekiti. Mjini hapa nimepigiwa na watu waliojiita malaika. Nikampa Mama Rispa mkono wa simu, nikamwambia, "Huyu anasema yuko na watoto. Muulize kitu."

Alishika simu kwa mikono miwili. Aliuliza, "Wanakula nini?"

Sikuweza kusikia jibu, nilimwona yeye tu. Uso wake ulianza kubadilika kutoka kwenye mdomo kwenda juu. Kisha akasema taratibu, "Mnamtafutia maharagwe?"

Akanirudishia simu. "Ni yeye," alisema. "Kevin hali samaki. Tangu mdogo. Kijiji kizima kinamcheka, mvuvi gani hali samaki. Huyu mzee anasema wale askari wanamcheka pia, halafu wanamtafutia maharagwe."

Nikabonyeza kitufe cha kuongea na Felix masikioni. Nikamwambia amzuie Meja sasa hivi, aingize mada nyingine. Felix alinitazama kupitia kioo akatikisa kichwa kukataa. Nikarudia, nikaongeza neno ambalo sitaliandika. Akaangalia pembeni. Na Meja alikuwa anasema, "Wasikilizaji, kuna ghuba ndogo, upande wa magharibi wa kile kituo, kuna miti," na nikajua neno linalofuata ni ramani.

Ningeweza kushusha sauti yake tu. Lakini ng'ambo wangesikia imekatwa, na wangejua kuna siri nyuma yake. Na mjini wangesema tumenunuliwa, wangekuja na mawe kabla ya chai ya saa nne. Kidole changu kikaenda kwenye ule muziki wa matangazo ya vifo. Matangazo ya asubuhi ile yalikuwepo, ya kweli, yalingoja saa kamili. Nikayasogeza mbele.

Muziki ukaingia. Meja akakatika katikati ya neno. Aliangalia juu, kwenye spika ya ukutani, mkono ukaenda wenyewe kichwani akavua kofia yake. Daktari Awuor akainamisha kichwa. Felix akanikodolea macho, lakini ukishauanzisha muziki ule huwezi kuurudisha, hivyo akavuta karatasi zake, akasafisha koo, akaanza kumsoma bibi mmoja wa Awasi aliyeaga dunia akiwa usingizini, ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Nilimwomba huyo bibi msamaha kimoyomoyo, na nadhani alinielewa.

Nikamshika Mama Rispa mkono tukaingia studio. Felix akisoma upande ule, mimi nikawaeleza wale wawili kwa kunong'ona, midomo yetu karibu igusane, nikiwa nimezifunga maikrofoni zao.

Meja akafura kwa hasira. "Wanatutisha," alinong'ona. "Na wewe umetishika."

"Ndiyo, Meja, nimetishika."

"Sitanyamaza."

"Maikrofoni yako haitafunguka tena leo. Ukitaka kunishtaki, meneja yuko pale nje."

"Wewe si mtu wa huku, Mama Shiru," akasema. "Hujui watu wa ziwa wameteseka vipi."

Nimezaliwa mji huu. Neno hilo liliniingia na mpaka leo halijatoka. Mama Rispa ndiye aliyejibu. "Baba," alimwambia Meja, "huyu ndiye amenipa simu nisikie habari ya mtoto wangu. Wewe umenipa hotuba."

Daktari Awuor akamgusa Mama Rispa bega. "Mama, waambie watu ukweli," alisema. "Waambie hata wewe, mama mwenye mtoto kule, humtaki huyo jenerali."

"Nani amesema simtaki?" Mama Rispa akamgeukia. "Mimi namtaka. Hata kesho nitamtaka. Nyinyi wawili nyamazeni, mniache niongee na watu wenye mtoto wangu."

Hakuna aliyemwambia la kusema. Na nataka mlijue hilo vizuri, kwa sababu nimesikia mtaani kwamba mimi ndiye niliyemfundisha maneno. Hata kavu hakusema. Hiyo ndiyo siku pekee nilimwingiza mtu hewani bila kusikia kwanza atasema nini. Tangazo la bibi wa Awasi lilikuwa limefika kwa wakwe zake, mimi nimerudi kwenye mitambo, na mkono wangu ulikuwa juu ya kile kidude cha kushushia sauti. Felix akamaliza. Nikamwonyesha Mama Rispa kwa kidole. Taa ikawaka.

"Hamjambo wote," alisema. "Oyawore. Mimi ni mama wa yule hapendi samaki. Jina sitaji. Nyinyi mko naye mnamjua.

"Kwetu mtoto akilala kwa watu, ukienda kumchukua huanzi kuuliza kwa nini mlimweka. Unaanza na asante ya chakula. Nimeskia mnamtafutia maharagwe. Ero kamano, asante sana. Mimi mwenyewe huwa nachoka kumpikia hayo maharagwe, nikimwambia kula samaki kama watu.

"Sasa wewe mkubwa wa hapo. Jina lako sijui, kwa hivyo nitakuita mwanangu. Mwanangu, nimeskia unatuskiza. Haya yote umeskia ni watu wa studio wanabishana, hata chakula ya jioni hawana pamoja. Mimi sina boti, sina bunduki, niko na karai ya omena. Mama yako kama yuko, msalimie. Umwambie mama fulani wa Kisumu amesema asante, alikulea ukajua kulisha mtoto wa wenyewe. Na kama hayuko, basi mimi niko.

"Hao watoto wakimaliza kula, waambie nyumbani wanangojewa. Ni hayo tu."

Alikaa hapo akitazama maikrofoni kana kwamba ingemjibu. Felix alifungua mdomo nikamwinulia mkono. Nimewakemea nyote kwa kuacha hewa tupu, na nitaendelea kuwakemea, lakini siku hiyo niliiacha. Meja alikuwa ameshika kofia yake magotini, hajaivaa.

Nikainua simu ya ng'ambo. Mwenyekiti alikuwa bado yupo, nilimsikia akihema.

"Mzee," nikamwambia, "vipi huko?"

"Mkubwa amezima redio," akasema. "Ameingia ndani." Na laini ikakatika.

Nani angejua maana yake? Mtu huzima redio akiwa na hasira, na huzima redio akiwa ameguswa. Nilipiga tena namba ile siku nzima, haikupatikana. Baada ya kipindi simu za wasikilizaji zilitumiminikia, nyingi za matusi. Walisema tumemleta mama wa watu kupigia adui magoti. Mmoja aliniuliza nimelipwa ngapi na watu wa ng'ambo, mwingine akauliza kabila langu, swali ambalo huku huulizwa na mtu anayelijua jibu. Meneja aliyeniinulia kidole gumba sasa hakunitazama usoni. Meja aliondoka bila kuniaga. Felix alikaa chini kwenye korido, karatasi za vifo bado mkononi.

Siku zilizofuata niliendelea kuipiga namba ile. Kama wale vijana walipelekwa makao makuu, basi ni mimi niliyeruhusu mjadala uendelee mpaka ukafika pale, na ni mimi niliyemwingiza mama hewani. Mama Rispa alinipigia kila asubuhi. Hakuuliza kitu. Alisema, "Tumeamka, Mama Shiru," nami nikasema, "Tumeamka, Mama," akakata. Katikati ya siku hizo jenerali aliapishwa. Tuliitangaza kwenye taarifa ya habari, nikaipandisha sauti mwenyewe kama habari nyingine yoyote.

Kisha asubuhi moja simu ilikuja kabla ya muda wake, na haikuwa na "tumeamka". Ilikuwa kelele za wanawake na mtu anapiga vigelegele karibu na simu. Yule mwenyekiti wa ng'ambo alikuwa amewaleta mpaka katikati ya ziwa, wazee wa ufuo wa huku wakaenda kuwapokea, boti kwa boti. Injini ilibaki kule. Samaki walishaliwa, bila shaka, isipokuwa na Kevin. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia, na fundi aliyekuwa zamu nami akajifanya anakagua waya.

Walikuja studio wenyewe, mama na mwana, wameniletea kuku. Kevin alikuwa kijana mrefu, amekonda, sikio moja limevimba na kubadilika rangi. Niliwaketisha palepale kwenye chumba cha mitambo. Mama Rispa akasema, "Mwambie asante," naye akasema asante, lakini alikuwa anatazama sakafu. Nikamuuliza kama wanasikia vizuri redio yetu kule. Nilitaka tu kumfungua mdomo.

"Tuliskia yote," alisema. "Meja alipoanza kuongea tulifurahi sana. Tulipiga makofi huko ndani, tukapiga mlango. Ndio yule mkubwa akaingia na rungu." Akagusa sikio. "Alikuwa amenishika shati, ananipiga, redio iko kwa dirisha. Halafu ikaletwa ile muziki ya matanga. Akasimama, lakini hakuniachilia. Halafu nikaskia sauti ya Mama."

Mama Rispa alikuwa ameweka mikono juu ya kuku.

"Ukasema mwanangu," Kevin akamwambia. "Mimi nikadhani unaniita mimi. Nikajibu. Niliitika, Mama, kwa sauti, mbele ya watu. Kumbe unaita yeye. Na bado amenishika, rungu iko mkononi." Sauti yake ilipasuka. "Ulimwita mwanangu."

"Nilijua ako na rungu," Mama Rispa akasema. "Ningeongea na yeye kwa nini kama hana?"

"Alienda kuzima redio, akarudi akakaa chini. Hakunipiga tena. Akaniuliza jina lako nikakataa kumwambia."

"Ulifanya vizuri."

"Kwangu yeye si ndugu."

"Sijakwambia awe ndugu yako."

Nikamuuliza Kevin sasa atafanya kazi gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa atapumua nini. Alisema Jumatatu anarudi ziwani, kuna boti ya mjomba wake inatafuta mtu.

Mama Rispa alilisikia hilo na hakushtuka, nadhani alishalisikia nyumbani. Alinigeukia mimi. "Yule mtu wa usalama," aliuliza, "alipita?"

"Alipita, Mama. Ameshaapishwa."

"Ni sawa. Mimi sikumkataa." Akamtazama mwanawe, lile sikio, kisha akaanza kunisogezea kuku. "Lakini kama mko na njia ya kumfikia, mwambieni asikuwe na haraka. Neno la kuambia watu wa ng'ambo nilikuwa nalo moja, na nimeshalitumia."